Usijaze Usilolijua

Faith, yule msichana anayekalia kiti changu siku hizi, ameniomba niwaandikie nyinyi mnaoanza kazi ya ustawi wa watoto maneno mawili matatu ya busara. Busara sina. Nina magoti yanayouma, nyumba ya vyumba viwili hapa mtaani Lucky Summer, na hasira ambazo miaka tisa ya kustaafu haijazipoza. Nyingine ni za wafadhili, nyingine ni za wakubwa, na ile kubwa kuliko zote nimejikasirikia mwenyewe. Hiyo ndiyo nitakayowasimulia, lakini nitaifikia kwa njia yangu, kwa hiyo tulieni.

Nilikuwa mwandishi wa mafaili katika makao madogo ya watoto pale mtaa wa Baba Dogo, yamebanwa na viwanda pande zote, hata siku nyingine uji wetu ulinukia sabuni. Miaka ishirini na sita. Enzi hizo wazazi wa ng'ambo walikuwa bado wanaruhusiwa kuchukua watoto wetu, kabla serikali haijaufunga mlango huo. Kazi yangu ilikuwa kumwandikia kila mtoto faili, kuisindikiza mpaka kortini, na mtoto akishapanda ndege kwenda Italia au Uswidi, kujibu barua za mama mpya asiyepata usingizi.

Barua hizo ndizo zilizoniotesha mvi. Mama mmoja wa Uholanzi alimpeleka mtoto kwa madaktari watatu kwa sababu hamtazami machoni anaposemeshwa. Ilinibidi nimwandikie kwamba huku kwetu mtoto anayemkodolea macho mtu mzima huitwa mtovu wa adabu, na kwamba mwanawe alikuwa anamheshimu. Wengine walimtayarishia kijana wao chumba chake peke yake, dari imechorwa nyota, kisha wakashangaa kwamba analia mpaka asubuhi. Alikuwa hajawahi kulala bila wenzake watano wakimpumulia kisogoni. Nikawaambia wamlaze kwao, au baba ahamishie godoro kwake. Wakajibu kwamba kitabu chao kinakataza. Nikawajibu kwamba kitabu hicho hakijawahi kulala Baba Dogo.

Na yule baba wa Italia. Mtoto alikuwa anaficha mkate chini ya mto, na kila asubuhi baba anautoa ili amfundishe kwamba chakula kwao hakiishi. Mtoto akaanza kuficha hata maganda ya ndizi. Nilimwandikia: usimnyang'anye. Mnunulie mkebe wenye kifuniko, uweke mkate humo kila jioni, uuache karibu na kitanda, na usiseme neno. Ilichukua karibu mwaka. Siku moja nikapokea bahasha yenye picha ya mkate ulioota ukungu, na baba ameandika chini yake kwamba amelia. Kati ya barua zote nilizopata kazini, hiyo peke yake nimeitundika ukutani.

Wafadhili wao walikuwa na yao. Tulikuwa tunakosa nepi na mafuta ya kupikia, wao wanaleta makoti ya theluji. Mwaka mmoja walituma katoni ya viatu vya kutelezea kwenye barafu, jozi kumi na moja, na barua ndefu ikieleza jinsi michezo inavyojenga moyo wa mtoto. Mlinzi wetu alizing'oa zile bapa za chuma, akazinoa, na mpishi wetu Mama Odhiambo alikatia sukuma wiki nazo miaka mingi. Mimi nikaandika barua ya shukrani kwamba vifaa vinatumika kila siku, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Mnaona nilivyokuwa hodari wa kuandika. Aliyenifundisha ni Bi. Mwanaisha wa Pumwani, aliyeshika ofisi ile kabla yangu, mwanamke mwembamba wa buibui na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinifundisha kusoma uso wa karani kabla sijatoa karatasi, kubeba kalamu tatu, na kutomvalisha mtoto viatu vipya siku ya korti kwa sababu atalia. Lakini somo lake kubwa lilikuwa fomu. Alikuwa akisema, "Tabitha, korti haimwoni mtoto, inaona faili. Faili ikiwa na tundu, mtoto atatumbukia humo." Hakuna nafasi hata moja iliyoruhusiwa kubaki tupu. Simlaumu, maana nimeshuhudia faili nzima ikirudishwa kwa sababu ya mstari mmoja mweupe, kesi ikasukumwa miezi miwili mbele, na wazazi waliopanga nyumba hapa mjini likizo zao zikawaishia wakarudi kwao mikono mitupu.

Sasa niwaambie desturi yetu ya majina, maana ndiyo iliyoniponza. Mtoto wa kuokotwa haji na jina. Sisi tulimpa jina la yule aliyempokea mikononi mwanzo. Mlinzi akimpokea mvulana, basi ni Mutua mdogo. Ilikuwa heshima kwa mfanyakazi na ilituepusha na ubishi. Wako akina Tabitha watatu huko Ulaya, mmoja ni daktari wa mifugo, na hakuna hata mmoja niliyemzaa.

Asubuhi moja Mama Odhiambo alifika jikoni kuwasha moto wa uji, akamkuta mtoto wa kike mlangoni, mchanga, wa wiki chache. Akampokea. Jina la Mama Odhiambo mwenyewe ni Akinyi, kwa hiyo mtoto akawa Akinyi. Mimi nilifika saa mbili, nikamkuta mtoto amelala safi ndani ya nguo zetu za makao, nikaenda kuandikisha taarifa polisi pamoja na mlinzi, nikarudi kwenye meza yangu. Hakuna aliyejitokeza kumdai, na baada ya muda akapatikana mama wa Uswidi, mwalimu aitwaye Birgitta, mwanamke mpole mrefu aliyekuwa akiinama kila mlango hata usiokuwa mfupi.

Faili ikarudishwa na karani. Sehemu ya kabila na asili ilikuwa tupu. Niliandika "haijulikani", ikarudi tena, na karani akaniambia kwamba kila mtu ana kwao. Kesi ilikuwa Jumatatu na ile ilikuwa Ijumaa mchana. Nikaitazama fomu. Jina la mtoto ni Akinyi, nikaandika kabila ni Mjaluo. Ikabaki asili. Nikatoka mpaka jikoni, nikamuuliza Mama Odhiambo, kwenu ni wapi? Akanitajia Alego, Siaya, huko alikoolewa. Nikaandika Alego, Siaya. Nikapuliza wino ukauke, nikaipeleka, ikapita. Jumatatu jaji akasaini, na mimi nikanywa chai yangu bila wasiwasi wowote.

Nilikunywa chai hiyo bila wasiwasi miaka ishirini na mitatu.

Mwaka jana Faith akanipigia simu. Mimi hapo nafua. "Shosho," akasema, "kuna dem amecome na mathake, mzungu. Kesho wanaishia ocha Siaya kucheki familia yake. Faili nimeangalia iko fiti, ama?" Nikamuuliza jina la huyo msichana anayekwenda kijijini. Aliponiambia, nikakaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa, na povu mikononi. Nikamwambia awazuie wasiondoke, naja.

Niliwakuta ofisini kwangu, yaani kwa Faith. Birgitta amezeeka kidogo kunizidi, bado anainama milangoni. Akinyi ni msichana wa maungo yaliyojaa, nywele amesuka vizuri, na ana masanduku mawili ya zawadi kwa jamaa zake wa Alego. Alinisalimia kwa Kijaluo. Nikamwambia mimi ni Mluhya. Akacheka, akahamia Kiswahili cha darasani, kila neno limenyooka, na akanieleza yote nikiwa bado sijapata pumzi.

Tangu akiwa na miaka kumi Birgitta alimtafutia mwanafunzi kutoka Kisumu aliyekuwa akisoma huko kwao, amfundishe lugha ya watu wake. Kila Jumamosi, mvua, theluji, wanaenda. Akaimba nyimbo, akajifunza kupika samaki na kichwa chake, akasoma habari za Alego mpaka akaijua kuliko mimi ninavyoijua Kakamega. Miezi mitatu kabla ya kuja, aliweka ukurasa wa faili yake kwenye mtandao, akiuliza kama kuna anayejua ukoo wake. Na Alego wakamjibu. Walimwambia ndiyo, hapa yuko mama aitwaye Akinyi aliyekuwa mpishi wa watoto Baba Dogo, wewe ni damu yetu, njoo nyumbani.

Hapo nikaelewa kwamba sikuwa nimekosea mara moja. Nilikuwa nimemvunjia Mama Odhiambo nyumba yake pia, maili mia kadhaa kutoka hapa, maana wakwe zake sasa waliamini alizaa nje, na mwenyewe hakuwa amenipigia simu hata kuniuliza.

Vijana, nimekaa na majaji, nimekaa na wanasiasa waliokuja kupigwa picha na watoto wetu. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa mbele ya yule msichana na masanduku yake. Nilimweleza desturi yetu ya majina, kisha fomu, kisha karani, kisha Ijumaa ile. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nani alikuambia mimi ni Mjaluo?" akauliza.

"Hakuna."

"Kwa hivyo uliandika tu."

"Niliandika tu."

Akageuka dirishani. Aliponisemesha tena hakupaza sauti, na ningependa angepaza. "Shuleni nilikuwa mweusi peke yangu. Watoto wakiniuliza natoka wapi, nilikuwa na jibu. Wewe ulinipa jibu la uongo."

Nilianza kujitetea. Ndiyo, hata hapo nilianza kujitetea, nikamtaja karani, nikamtaja Bi. Mwanaisha ambaye Mungu amrehemu. Birgitta akaniinulia mkono taratibu ninyamaze. Akaniambia kwa Kiingereza kwamba kama ningewaachia nafasi tupu wangemlea mtoto na nafasi tupu, wangemwambia hatujui, tutatafuta pamoja. Alisema hilo bila ukali, kisha akaenda kusimama karibu na binti yake.

Simu ya Faith ikalia. Alikuwa ametafuta namba ya Mama Odhiambo bila kuniuliza, na hilo nampa heko; akanikabidhi simu. Sikuwa nimesikia sauti hiyo tangu astaafu arudi kwake. Hakunijulia hali.

"Tabitha, nimewekwa kikao mara mbili kwa sababu ya mkono wako," akasema. "Mashemeji wananiuliza nilizaa na nani wakati marehemu alikuwa kazini Mombasa. Odhiambo wangu hajala kwangu wiki ya pili hii, ananiambia nilimzaa dada yake nikamtupia wazungu. Njoo uyaseme kwa mdomo wako. Mambo ya simu sitaki."

Nikamwambia nimesikia. Akakata.

Nilidhani Akinyi atarudi hotelini na kubadilisha tiketi. Lakini aliniambia kwamba mama huyo anateswa kwa jina lake yeye, na hawezi kupanda ndege akimwacha hivyo. Kesho yake tukaenda wote watatu, mimi nimekaa mbele na dereva nisije nikaonekana uso.

Alego wamejiandaa. Viti vimepangwa, hema la kukodi, mbuzi amefungwa kwenye mti. Hicho ndicho kilichoniudhi zaidi: nusu ya ukoo ilikuwa imemhukumu Mama Odhiambo kwa uzinzi, na nusu hiyo hiyo ilikuwa imevaa nguo za sherehe kumpokea binti wa Ulaya. Mwenyewe amekaa pembeni kwenye mkeka, mwembamba kuliko nilivyomkumbuka, hatazami mtu. Odhiambo, mwanamume mzima wa ndevu, amesimama mlangoni mwa nyumba ya mamake na mikono kifuani.

Shemeji mkubwa, Mzee Ochieng', akanipa nafasi. Nikasimama. Sikukaa mpaka nilipomaliza. Nikasema mimi ndiye niliyeandika karatasi ile, na niliandika uongo kwa sababu nilitaka ipite. Nikasema mwaka ule mimi na mama huyu tulikuwa tukibadilishia nguo chumba kimoja kila jioni, hakuwa na mimba, na mtoto huyu alikutwa mlangoni mwa jikoni tukampa jina la aliyempokea, kama tulivyofanya kwa wote. Mzee akaniuliza kama kuna aliyenituma niseme hivyo. Nikamwambia aliyenituma amekaa pale kwenye mkeka, na alinituma niseme kweli. Akauliza ni karani gani wa korti anayekubali mambo ya kubuni. Nikamwambia karani alikataa ukweli mara mbili, kosa la kubuni ni langu.

Mzee akainama akanong'onezana na wenzake. Mwishowe Mzee akasema kwamba hilo jambo basi limekwisha, wamemkosea mke wao, na kwamba mbuzi aliyekwisha kufungwa kwa ajili ya mgeni hafunguliwi. Odhiambo akashuka kutoka mlangoni. Alikwenda akachuchumaa mbele ya mamake, akainamisha kichwa, na Mama Odhiambo akamwacha hapo muda wa kutosha kabla hajamgusa bega. Namjua, hasamehei haraka, na sikutarajia nami nitakuwa na bahati kuliko mwanawe.

Kisha akamwita Akinyi aje mkekani. Akaanza kumsemesha kwa Kijaluo, kwa sababu ukoo wote ulikuwa unasikiliza na alitaka usikie. Akinyi akawa anatutafsiria mimi na Birgitta, kwa sauti ya chini, sentensi baada ya sentensi.

"Anasema hakunizaa. Anasema kulikuwa hakujapambazuka vizuri, alikuta kikapu cha sokoni kwenye ngazi ya jikoni. Anasema nilikuwa nimefungwa leso mbili, moja kuukuu ndani, moja mpya juu. Anasema mapaja yalikuwa yamejaa, mtu alikuwa ananinyonyesha vizuri. Anasema hakuniogesha siku hiyo, hakukuwa na haja, nilikuwa nimeogeshwa tayari, nimepakwa mafuta mpaka ndani ya mikunjo ya shingo, na maji yalikuwa bado kwenye nywele."

Mama Odhiambo akaendelea, sentensi moja zaidi, fupi. Akinyi hakuitafsiri. Alifunika uso kwa mikono yote miwili, na Birgitta akapiga magoti chini kwenye vumbi na sketi yake nzuri akamkumbatia, bila kujua ni kwa nini.

Nikamwomba Mama Odhiambo aniambie amesema nini.

"Nimemwambia kwamba mtu anayekutupa hakuogeshi kwanza," akanijibu kwa Kiswahili. "Na kwamba alikuwa hajaenda mbali, huyo mtu. Maji bado yapo kwenye nywele."

Vijana, faili ya Akinyi ina kurasa arobaini na moja. Ninazijua zote, nilizipanga mwenyewe. Kuna uzito wake, kuna chanjo zake, kuna sahihi za watu saba, na kuna kabila lisilo lake. Leso mbili hazimo. Maji kwenye nywele hayamo. Mtoto yule alivuka bahari akakua mpaka akawa mtu mzima akiamini alitupwa, na lile neno moja alilolihitaji lilikuwa limekaa hatua ishirini kutoka kwenye meza yangu, likikata sukuma wiki.

Nikamuuliza Mama Odhiambo, nadhani kwa ukali, mbona hakuniambia miaka hiyo yote.

"Hukuniuliza," akasema. "Nyinyi watu wa ofisi mlikuwa mnakuja jikoni kutafuta chai tu."